Kaa Chini

Kopo lile nililinunua Mwanjelwa kwa elfu kumi na tano,
unga wa kijani, na picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu.
"Unasafisha mwili mzima, mama. Siku tatu tu."
Siku tatu nikaukariri ukuta wa choo,
misumari yake, buibui wake, mlango usiofunga.
Ya nne nikasimama jikoni Uyole, ukungu wa Juni umefika magotini,
nachota supu ya madereva wa Tunduma
na mikono inatetemeka kama inayodaiwa.

Ndipo nikaenda kwa Ambwene.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la mabati, Soweto:
kitanda kimoja, saa iliyokwama,
picha ya baba yake kijana, mkalimani wa kambi ya reli,
katikati ya Wachina wawili wanaofinya macho juani.
Yeye mwenyewe alisomea Chengdu miaka sita,
akarudi na sindano, na Kichina chenye lafudhi ya Tukuyu.

"Toa ulimi."
Nikautoa, mtu mzima, mama wa wanne,
kama mtoto anayemkejeli shangazi.
Akautazama kuliko nilivyowahi kutazamwa
tangu siku ya mahari.
"Kingo zina alama za meno. Utando mweupe.
Tumbo lako lina baridi, na unyevu umekaa humo
kama nguo zilizoanikwa Julai."
Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono,
akasikiliza. Nje mtu anakata bati.
Akangoja bati likatike, akasikiliza tena.

Mimi nangoja kopo jingine.
"Mwili si sufuria ya kusugua kwa mchanga," akasema.
"Ni jiko la mkaa. Wewe umelimwagia maji
halafu unaulaumu ugali kwa kutoiva."

Akaandika nyuma ya risiti ya misumari:
asubuhi uji, wa ulezi, au wa mchele
uliochemka hadi ukasahau kwamba ulikuwa punje,
na tangawizi, kipande cha kidole gumba.
Soda ya baridi, acha. Kunywa maji ya moto.
Nikacheka: maji ya moto hayachomi nyumba!
"Hatuchomi nyumba," akasema. "Tunapasha chumba kimoja."
Boga. Maharage. Figiri ipite motoni kidogo.
Dawa za presha endelea nazo, na hospitali usiache kwenda;
hapo akapiga mstari mara mbili.
Halafu mwisho kabisa, kwa herufi kubwa:
KAA CHINI UNAPOKULA.

Na mizizi? nikamuuliza. Na sindano?
"Baadaye. Anza na kiti."

Nimeuza chakula miaka kumi na tisa.
Viti kumi na viwili vya plastiki, mabenchi matatu,
na hakuna hata kimoja kinachoujua mgongo wangu.
Mimi hula saa kumi jioni, wima,
ukoko na mchuzi ulioganda,
mkono mmoja mdomoni, mmoja kwenye chenji.

Tangawizi ilikuwa rahisi.
Soda niliililia wiki nzima, kama msiba wa jirani.
Lakini kiti!
Siku ya kwanza nilikaa, dereva akaita, "Mama Tusekile, chumvi!"
Nikasimama.
Siku ya pili, maji ya kunawa. Nikasimama.
Siku ya tano nilikaa na hakuna aliyeita,
nikaogopa.

Leo nimevuta kigoda hadi mlangoni,
bakuli mapajani, mvuke unanipanda usoni.
Malori yanakoroma kuelekea Mlima Nyoka.
Kijana mmoja amesimama na sahani yake, ananingoja.
"Chumvi ile pale," namwonyesha kwa kijiko.

Sijui kama unyevu umetoka. Ulimi wangu siuoni.
Najua uji huu una tangawizi nyingi mno,
nimeukosea mwenyewe,
na ninaumaliza.