Mshazari

Mlalo wake sikuupata kitabuni.
Niliupata kwa Asangalwisye, asubuhi moja ya Juni,
akisukuma mkokoteni wa viazi kutoka Igawilo,
pumzi yake nyeupe kama ya ng'ombe.
Mama aliyempita na ndoo kichwani alikuwa wima, hatikisiki;
huyo hakuwa wangu.
Wangu ni yule anayeiegemea kazi.
Nikachukua kipimapembe cha mwanangu, nikafumba jicho moja:
nyuzi kumi na sita.
"Fundi," akanipigia kelele, "unanipimia jeneza?"
Nikamwambia napima alfabeti.

Mwezi mzima nilichora kwenye daftari la hesabu.
Niliapa kuwa mviringo hautaingia humu.
O ina pembe sita, kama nati ya tairi la tela.
S ilinikatalia, ikanikatalia,
mpaka siku niliyoteremka Kitonga kumpelekea dada vitunguu
(kupeleka vitunguu Mbuyuni! alinicheka mpaka leo)
nikaiona chini ya dirisha la basi:
ukuta, kona, ukuta, kona,
na lori limelala juu yake likivuta.

Unene ni kwa ajili ya ukungu.
Anayeshuka Mlima Nyoka saa kumi na mbili asubuhi
hana muda wa herufi nyembamba.
Ana muda wa neno moja. BREKI.

Na lugha yetu haina haya na A.
Andika BARABARA: hema nne zimepigwa na upepo mmoja.
Ukiziachia matundu makubwa neno linavuja,
kwa hiyo nimelibana tundu la A
mpaka limebaki kama jicho la mtu anayetazama jua.

Halafu kuna MWA.
Hapa Uyole ukirusha jiwe sokoni utampiga Mwa-fulani,
na atakayekuja kuamua ugomvi naye ni Mwa-fulani.
Nikazikata herufi tatu kwa pamoja, kiolezo kimoja,
kwenye filamu ya eksirei ya goti la baba.
M ukiigeuza miguu juu inakuwa W,
na mshazari haubadiliki, ni uleule;
nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu dukani
kama mtu aliyeokota hela.

Nimeziandika kwenye matope ya bajaji,
kwenye mashine ya kusaga ya Nsalaga,
kwenye jezi za vijana waliofungwa sita bila
wakasema angalau migongo ilikuwa inakimbia.
Kwaya ilizikubali kwenye basi, ikazikataa madhabahuni.
Sista wa zahanati alizitazama kwa adabu:
"Hapana, fundi. Hapa watu waje polepole."
Nikamwandikia nyingine, za duara, rangi ya maziwa.
Alikuwa na haki.

Atuganile alikuja mwezi wa nne, mvua inanyesha,
na msalaba wa mninga chini ya kanga.
Nikamweleza: za makaburini ni nyembamba,
nyeupe, zinasimama.
Akaupangusa ubao kwa kiwiko.
"Yule mzee miaka ishirini na miwili ameinamia usukani.
Hata mezani alikuwa anainama.
Mimi sijawahi kumwona wima.
Sasa wewe unataka kumsimamisha leo?"

Nikatoa eksirei.
Nikaiweka juu ya mbao, goti la baba likang'aa kidogo,
nikagonga brashi: MWA.
Kisha L, kisha U, polepole, G yenye kona zake,
na mkono wa msalaba ukaanza kuniishia.
Herufi nene zina ulafi wa nafasi, nilijua,
na sikupima.
Yeye akasema endelea tu.

Mwalugaja.
A ya mwisho ipo, lakini imekunja kona,
nimeichora kwenye unene wa mbao.
Ukifika pale makaburini huioni kwa mbele.
Sogea upande wa kulia,
uliko uzio wa mahindi ya jirani.