Safu ya Harufu

Saa tisa usiku, na pipa limejaa.
Maua ya hopsi, yaliyosagwa yakashindiliwa kuwa punje,
mashamba matatu ya Hallertau ndani ya chuma kimoja.
Nafunga kifuniko. Nakaza. Nakaza tena.

Kisha nafungulia kaboni.

Hewa ileile tuitoayo puani,
ileile inayotekenya ulimi ndani ya soda:
ibane hadi mia tatu, ipashe moto kidogo,
itasahau asili yake.
Si maji, si hewa,
popo wa kiwandani, ndege wamkana, wanyama wamkana.
Hupenya kama hewa, hubeba kama maji,
huingia ua hadi ua bila hodi
na kutoka na mali yote ya nyumba.

Halafu nalegeza.
Hewa hukumbuka kuwa ni hewa, huruka,
na mzigo wake huutua palepale:
asali nzito ya kijani, isiyo na haraka,
ikitambaa mdomoni mwa bomba.

Jumatatu baba huja na trekta kuchukua makapi.
Yamenyonywa hata jina, husema.
Huyamwaga shambani hata hivyo.

Fomu ina safu saba.
Namba ya pipa. Shinikizo. Joto. Saa. Uzito. Rangi.
Ya saba ni harufu.
Tangu mafua ya Januari safu hiyo nainakili
kutoka fomu za mwaka jana:
ganda la chungwa, nyasi mbichi, pilipili manga.
Hakuna aliyeuliza. Kaboni yenyewe hainuki;
ikivuja, pua zote ni sawa,
king'ora cha ukutani ndicho kinachotunusia sote.

Usiku huu nina mwanagenzi, Korbinian, miaka kumi na saba,
viatu vya kazi vinampwaya.
Ameinamia chupa ya sampuli, amekunja uso.
"Afra, hii inanuka vitunguu."
Anasoma mwandiko wangu. Ganda la chungwa.
Anasoma tena.

Sikumjibu. Nilichovya ncha ya kijiti
nikaipaka ulimini, jambo tulilokatazwa kwa herufi nyekundu.
Uchungu ukaja.
Ukaja mzima, ukashika shina la ulimi, ukapanda masikioni,
machozi yakanitoka,
wala sikujua ni uchungu upi uliokuwa ukiyatoa.

"Mavuno yalichelewa," nikasema.
"Baba alingoja vibarua wiki mbili.
Hopsi ikikawia kwenye waya hunuka vitunguu.
Sababu naijua. Pua ndiyo sina."

Kijana akatazama kipimo. Mia tatu, imetulia.
Akavuta kiti, akafungua chupa ya pipa la pili,
akavuta pumzi hadi mabega yakapanda.
"Andika. Vitunguu tena, lakini kwa mbali.
Na kitu kama... subiri.
Kama koti la mvua lililoanikwa jikoni."

Safu ni nyembamba.
Niliandika hadi pembezoni mwa karatasi.