Ajenda ya Saba

Mimi ndiye karani wa kamati ya ardhi.
Kalamu ya buluu, daftari la mistari, miwani iliyofungwa kwa uzi.
Leo tena, Yumbe, ukumbi wa tarafa,
bati linalia kwa jua, chai ya tangawizi imeshafika,
na ajenda ya saba ni ile ile:
ombi la Driciru Feta na jamaa zake wachache,
nusu eka karibu na mto Kochi,
mahali pa kuzikia.

Hawaombi kengele. Hawaombi mnara.
Wanaomba udongo wa kuingia.

Alhaji Ombaga, mwenyekiti, ni mtu mwema, nasema kweli;
mwaka wa njaa alifungua ghala
bila kuuliza nani anasali wapi.
Anakohoa. Anasema, "Hatukatai. Tunangoja."
Twaibu anasema watu watasema.
Mwingine anasema wakipewa kaburi, kesho watataka shule.
Mwingine anauliza, kwani Arua hakuna makaburi?

Arua yapo.
Februari, Onzima fundi baiskeli alikwenda huko
juu ya lori la tumbaku, amefungwa kwenye mkeka,
mkewe Driciru ameketi juu ya gunia, akimshika miguu
kila shimo la barabara, asiteleze.
Onzima, ambaye hapa mjini hakuna gurudumu asilolitia kiraka,
hata la baiskeli ya muadhini.
Nauli ya maiti ni mara tatu ya nauli ya mtu.
Nalijua hilo kwa sababu mjane aliniletea risiti,
ameiambatisha na barua kwa pini.

Mgeni, tunasema, siku ya tatu mpe jembe.
Driciru jembe analo, la nne sasa,
matatu yamelika mpaka mpini.
Kumbe tulilompa ni la mihogo tu,
halichimbi kupita magoti.

Sasa yale ambayo daftari halina.

Mwaka wa themanini na moja nilikuwa na miaka tisa.
Tulikuwa tumekimbia bunduki, tumevuka mpaka,
Waaringa kumi na wanne nyuma ya boma la watu tusiowajua,
upande wa Sudan, ambako swala zetu zilikuwa
kichekesho cha watoto: watu wanaobusu ardhi.
Mama alikufa kwa kuhara, siku ya Jumanne.
Mwenye shamba alikuwa mwanamke, Keji,
msalaba wa mti shingoni.
Hakuitisha kamati.
Aling'oa mihogo yake, bado michanga, mashina kumi na moja
(nilihesabu; mtoto mwenye njaa huhesabu mihogo),
akapima kwa hatua, kisha akauliza
kwa Kiarabu chake cha sokoni:
"Mtu wenu anaangalia wapi?"

Baba akanyoosha mkono. Kaskazini, ukipinda kidogo mashariki.
Na Keji akalishika jembe,
akaikata mistari ya shamba lake mshazari
kuufuata mkono wa baba.

"Karani," anasema mwenyekiti, "andika: imeahirishwa."
Ni mara ya tano. Neno hilo mkono wangu unalijua wenyewe,
kama punda anavyoijua njia ya kisimani.
Leo punda amesimama.
Nikainua kichwa. Driciru yuko benchi la nyuma,
viatu vya plastiki, kikapu magotini.
Sauti ikanitoka vibaya, nyembamba, ya miaka tisa:
"Mtu wenu anaangalia wapi?"

Twaibu alicheka. Kikombe kimoja kikawekwa chini.
Driciru hakunielewa mara moja. Halafu akasema,
"Mashariki. Jua linakotoka."

"Hilo halimo kwenye ajenda," akasema mwenyekiti,
lakini polepole, na hakunitazama.

Nimeliandika.
Liko ukurasa wa thelathini na mbili,
neno moja, mashariki,
na chini yake nimeruka
mistari kumi na moja.