Kusikiliza Bomba

Lilikuja kwa lori, gari hili, Jumanne ya mvua,
limelala vipande vipande ndani ya makasha kumi na moja,
na kitabu cha maelezo ambacho kurasa zake zimegandana.
Idwal akasema: miezi minane.
Huu ni mwaka wa sita.
Gari langu mimi hulala nje, limeota ukungu madirishani.

Chesisi aliipaka rangi mara mbili. Bodi ya faiba
aliisugua mpaka ndevu zikamuwasha.
Injini aliinunua Merthyr, kwa mtu aliyeapa
kwa jina la mamake kwamba ni ya zamani,
ya kabla sheria haijakaza mkanda.
"Ya zamani," alinifundisha tukila viazi,
"mkaguzi huutazama moshi wake kwa macho tu.
Hakuna wingu? Nenda zako."

Kisha akakwangua grisi ubavuni,
namba zikachomoza moja moja kama meno ya mtoto.
Akawaandikia kiwandani. Wakajibu kwa mistari miwili:
injini ni changa kuliko kile kiapo.
Mama wa yule bwana, popote alipo, tunamwomba radhi.

Basi ikabidi kichujio: kopo la chuma
lenye sega la kauri ndani, sega lisilo na asali,
na kihisi cha oksijeni shingoni mwa bomba,
na kompyuta ndogo ya kukiamini kihisi.
Safari yetu ya Ureno ikaishia hapo.
Wiki nzima Idwal aliwatukana watu wa ofisini,
wasiojua spana inashikwa wapi.
"Gari moja! Jumapili kumi kwa mwaka!
Nitachafua mbingu ya nani?"

Sikumjibu.
Nimeuguza vifua miaka thelathini na mmoja katika bonde hili.
Najua kifua cha mchimba makaa kinavyolia akilala chali:
kama mtu anayetembea juu ya changarawe, mbali, usiku.
Baba yangu alitembea hivyo miaka tisa
bila kutoka kitandani.
Na vumbi la kila zamu, ukiliuliza,
lilikuwa dogo tu.

Mara ya kwanza lilifeli.
Bi Prosser, mkaguzi, glavu zake za buluu,
alipenyeza fimbo ya mashine mkiani mwa bomba,
namba ikapanda, ikakaa mahali pabaya.
"Linavuta hewa ambayo halikupewa," akasema,
akatupa karatasi na peremende.

Wiki tatu Idwal alibadilisha gasketi,
akapaka povu la sabuni, akalala chini ya gari akilisema.
Usiku wa Alhamisi nikashuka na kandambili,
stethoskopu yangu ya zamani shingoni.
Nilikuwa nimeing'oa kile kichwa chake bapa, ukabaki mpira mtupu.
"Washa. Usiongee."

Nikapita kiungo hadi kiungo,
kama mgongoni kwa mgonjwa. Pumua. Tena. Pumua.
Juu kidogo ya kihisi, pale alipochomelea mwenyewe
akaniita nije nisifu,
nikasikia filimbi nyembamba. Tundu la sindano.
Nikaweka kidole karibu, sikusema kitu.
Alipaangalia muda mrefu.
"Simu ililia," akasema. "Siku ile. Simu ililia."

Mara ya pili Bi Prosser alingoja mpaka sega likaiva joto.
Sifuri, nukta, sifuri tisa.
Idwal akaisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena,
kama jina la mjukuu ambalo hakulichagua yeye
lakini limemkaa vizuri mdomoni.

Tulirudi kwa njia ya mlimani, mvua ikitupiga usoni,
maana paa bado limo katika kasha la kumi na moja.
Karatasi niliifutika ndani ya sweta.
"Unasikia baridi?" akapaza sauti.
"Nasikia," nikasema,
nikageuka kulitazama bomba:
kijimvuke tu, basi,
kama cha mtu aliyetoka kunywa chai.