Hesabu ya Pili

Mtaani Langoni walinipa jina: Bi Kinyesi.
Watoto wakinifuata, mimi na ndoo yangu na glavu:
"Punda wa Famau kapita huku, dada, wahi, kingali moto!"
Nami nikiwahi.
Mwaka wa pili chuoni, likizo ya miezi mitatu,
na swali moja tu:
punda wa mchanga wa ujenzi
na punda wa kreti za soda,
ni yupi mwenye minyoo zaidi?

Mama akaziba pua kwa ncha ya leso.
"Ndiyo ilimu hiyo tuliyouzia mkufu?"

Kisha barua. Chama cha Wanabiolojia
kitafanya mkutano wake wa mwaka hapa Amu.
Ada, shilingi elfu sita.
Na chini, kwa herufi ndogo kama mayai yangu kwenye darubini:
mwanafunzi wa shahada ya kwanza halipi.
Nikasoma mara tatu, natafuta "isipokuwa".

Siku yenyewe niliwahi, nikajipa kazi niiwezayo:
kupanga viti.
Vinne vinne kichwani, ngazi hadi ghorofa ya pili,
bango langu nimeliviringisha nyuma ya mlango
pamoja na mafagio.

"We msichana wa viti!"
Mama mfupi, miwani imefungwa uzi, Daktari Tumu.
"Mwenye bango la punda ni nani? Ratibani lipo, ukutani silioni."
Ni mimi, nikasema, kiti kingali kichwani.
"Basi kishushe. Ukikalie."

Hakunisifu.
Wengine walipita, bingwa wa mikoko, bwana wa popo kutoka Malindi,
"vizuri, vizuri," wakaenda zao na sambusa.
Yeye aliinama hata pua ikakaribia jedwali.
"Safu ya tatu. Haya umeyazidisha mara mbili."

Ukumbi ulinyamaza, au ni masikio yangu.
Nikautazama mlango. Nikayakumbuka mafagio.
Lakini alikwisha vuta kiti cha pili,
ananisogezea karatasi, kalamu i mdomoni:
"Tuhesabu. Mimi bango langu la kwanza
nilikosea hata jina la mdudu."

Tukahesabu hadi chai ikapoa.
Punda wa mchanga hawakuwa wagonjwa kuliko wenzao.
Swali langu likafa palepale mezani,
likaacha mtoto: basi tofauti inatoka wapi,
kwa nini zizi moja tu, la Mkomani, ndilo lililojaa?
"Hilo," akasema, "ndilo la mwakani."

Jioni mweka hazina akanipa kadi.
Mwanate, wameandika, herufi moja imeanguka.
Nikaazima kalamu, nikairudisha a yangu
mbele ya macho yake, wala sikuomba radhi.

Mkufu haujarudi.
Alfajiri, kichochoroni: "Bi Kinyesi! Huku!"
Kitoto cha kina Shee, meno mawili hayapo,
kimeshika mpini wa ndoo hakitaki kuachia.
"Na mimi nihesabu."

Nikavua glavu moja, nikampa.