Mwamuzi wa Moshi

Hovsep Terzian alifika Jumanne, saa mbili kasoro,
na pikapu ya mwaka sabini na tisa, rangi ya zabibu kavu,
chini ya boneti injini isiyo yake.
Nikamuuliza imetoka wapi.
"Kwa Araksi," akasema.
Nikadhani ni jina la gereji.

Kazi yangu ni kutazama.
Hapa Fresno, kiangazi kikishika bonde,
milima haionekani; tunajua tu kwamba ipo,
kama mtu anavyojua deni lake.
Ndiyo maana sheria ikaandikwa:
injini ya kupachika isiwe kongwe kuliko gari,
na ikija, ije na vyake vyote.
Wanafunzi wangu huwaambia hivi:
ukihamisha moyo, hamisha na mapafu.

Tochi. Kioo cha mkono mrefu.
Sensa ya oksijeni, ipo.
Katalisti, ipo, tena kachomelea vizuri mzee.
Kisha mpira mmoja mweusi, mwembamba,
unapita nyuma ya betri, unashuka,
unakoma.
Mdomo wake umezibwa kwa bolti.

"Hapa palikuwa na kibati cha mkaa," nikasema.
"Hunywa mvuke wa petroli usiku, gari likilala."
"Kopo lile? Mbona halina kazi!
Pima bomba, kijana. Pima kwanza."
Nikapima. Namba zilitoka safi
kuliko za magari ya mwaka jana.
Nikamfelisha.

Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa barua yake mwenyewe.
Hakugomba. Hilo ndilo lililonisumbua
mpaka usiku, nikiosha vyombo.

Alirudi baada ya wiki tatu.
Kibati kilikuwapo, kimefutwa vumbi,
kimefungwa kwenye fremu kwa mkanda wa ngozi,
mkanda wa mkoba wa kike, bizimu yake ya shaba.
"Gari lake bado liko kando ya banda la kuku," akasema.
"Sikutaka kulifungua tena. Nilichukua injini usiku,
haraka, kama mwizi. Kopo nikaliacha."
Kanuni inataka kibati kishike imara.
Haisemi kishikwe na nini.
Nikautikisa mkanda. Ulishika.

Kibandiko hubandikwa kwenye fremu ya mlango.
Kina nafasi ya mwaka wa injini, ujazo, namba.
Akauliza kama jina linaweza kuingia.
Nikamwonyesha visanduku. Halikuwa na pa kuingia.
Nikaandika: tisini na nne.
"Mwaka huo alijifunza kuendesha," akasema,
"akagonga ghala."

Akawasha. Hakutia gia mara moja;
alikaa, kichwa kimeinama upande,
anasikiliza.

Alipoondoka nilisimama langoni nikavuta pumzi.
Hakuacha harufu, hata chembe.
Hicho ndicho ninacholipwa kukihakikisha,
lakini asubuhi ile nilivuta tena,
na tena.