Kambare wa Kopo

Niliwatoa kijitoni, nje kidogo ya Lexington,
maji magotini, leseni ya uvuvi mfukoni.
Wawili, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati.
Dume akanichoma: mwiba wa pezi, uchungu wa nyigu.
Niliendesha gari hadi nyumbani kwa mkono mmoja.

Mchana hawapo. Kuna changarawe,
pampu inayokoroma,
kopo la maharage nililolilaza ubavu.
Shemeji Mwavita aliinama, akachungulia weee:
"Kwa hiyo mnafuga maji?"

Natoka zamu saa tisa usiku.
Navua buti, nawasha taa nyekundu,
nakaa sakafuni na chai iliyopoa.
Masharubu hutangulia, manne juu, manne chini,
yakipapasa kama mtu aliyeangusha funguo gizani.

Juni, dume akagoma kutoka.
Jike kafukuzwa, analala nyuma ya pampu.
Nikamulika kopo:
mayai, fungu la rangi ya siagi,
naye juu yake anayapepea kwa mkia,
hali, halali.

Wahenga waliosema mficha uchi hazai
waje saa tisa usiku,
wavue viatu mlangoni.